Picha Sita za Rosebella

Jumatatu, 6 Mei 1996

Shule imefunguliwa leo na mvua nayo ikafungua milango yake. Tumefika sote tumelowa mpaka soksi.

Daftari hili nimepewa na kaka yangu Kalama. Alinitupia mapajani jana akasema, "Andika humo, unipumzishe masikio." Basi naanza kwa jina langu kama lilivyo kwenye rejista: Nyevu Kahindi, Kidato cha Tatu, miaka kumi na saba. Naishi Makupa na mama na Kalama. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Kalama alikuwa na miaka kumi na tatu tu, lakini ndiye aliyekuwa akinivusha barabara ya malori asubuhi, akinishika kifundo cha mkono na wala si vidole, maana alisema vidole huteleza. Sasa ana miaka ishirini na mbili, na anafanya kazi ya kupiga na kusafisha picha kwa Mzee Sheikhan, Mji wa Kale.

Upepo umegeukia kwetu. Nyumba nzima yanuka moshi wa jaa la Kibarani.

Jumatano, 8 Mei

Kituko cha leo. Tumefika sura ya uzazi katika baiolojia. Mwalimu akafunua, akafunika, akasema, "Hii mtaisoma wenyewe nyumbani." Rosebella Awiti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nyumbani kwetu mimi naishi na baba peke yake, naye anaendesha winchi bandarini. Nimwombe anisomee?"

Darasa likaangua kicheko. Rosebella akatolewa nje, akasimama barazani akisoma ile sura mpaka kengele ikalia.

Huyo ndiye rafiki yangu. Tumekaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza. Ana miaka kumi na minane, kwa kuwa alichelewa kuanza shule kwao Ugenya, na mama yake bado yuko huko. Baba yake, Mzee Joab, alimleta Mombasa kwa ajili ya shule tu, si kwa jingine.

Alhamisi, 9 Mei

Bi Truphosa, mwalimu wa ushauri, ametangaza mjadala wa mwisho wa mwezi: elimu ya jinsia ifunzwe shuleni, au isifunzwe. Rosebella ataunga mkono. Mimi nimepangiwa kupinga, ingawa sipingi.

Jumamosi, 11 Mei

Nimempeleka Rosebella kwa Mzee Sheikhan apigwe picha ya kadi ya maktaba. Mzee alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, kofia imemkaa sawasawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mwatoka wapi na mvua hii? Ingieni ndani, mutashikwa na homa."

Kalama akamketisha Rosebella kwenye kigoda, akamwambia asicheke. Rosebella akacheka. Akaambiwa tena, akacheka tena. Sijawahi kumwona kaka yangu akihangaika vile na kamera ambayo huishika kama kijiko.

Tukirudi Rosebella akaniuliza, "Kaka yako huwa hasemi?"

"Husema sana. Leo tu."

Nilifurahi. Naandika ukweli: nilifurahi kama mtu aliyekutanisha mito miwili.

Jumanne, 14 Mei

Mvua. Nimebeba barua ya Kalama katikati ya kitabu cha jiografia.

Ijumaa, 17 Mei

Nimebeba jibu.

Jumamosi, 25 Mei

Mzee Sheikhan alikwenda mazikoni Kisauni, akamwachia Kalama duka. Asubuhi Kalama aliniomba leso yangu ya maua ya manjano, akasema ya kufunika meza. Mimi na Rosebella tukafika saa nne.

"Nyevu, kaa hapa mbele," akaniambia. "Mtu akija mwambie nasafisha picha, mlango wa chumba cha giza haufunguliwi."

Nikakaa. Nilikuwa na kaimati za moto kwenye karatasi, nikazila moja moja. Nyuma ya pazia nilisikia vicheko, na kamera ikilia, na Rosebella akisema, "Basi, moja tu, hiyo imetosha." Hazikupita dakika ishirini. Akatoka amevaa kama alivyoingia, uso umemng'ara. Nilijiona mtu mzima kwa kuaminiwa.

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya mjadala. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mimi nilisema niliyopangiwa: kwamba mambo haya ni ya somo na nyakanga wanaomfunda mwari, ya shangazi na bibi, na kwamba ukimwonyesha mtoto mlango atataka kujua ndani kuna nini. Nikapigiwa makofi na walimu.

Rosebella akasimama bila karatasi.

"Mlango tumeshaonyeshwa," alisema. "Tumeonyeshwa na utingo stendi. Tumeonyeshwa na magazeti ya kufungia karanga. Tunaonyeshwa kila siku na watu wazima wanaotupigia miluzi tukiwa na sare za shule. Tunachoomba ni mtu mmoja atakayetuambia kweli ya mle ndani. Mwaka jana dada mmoja wa shule hii aliamini hawezi kushika mimba mara ya kwanza. Nani alimwambia? Mvulana. Nani alimwambia vingine? Hakuna. Leo yeye yuko nyumbani analea, na yule mvulana anafanya mtihani. Shangazi yangu mimi yuko safari ya siku mbili. Nyie walimu mko hatua mbili. Hamtufundishi kujua, mwatufundisha kuogopa. Na mtu mwenye hofu haulizi."

Ukumbi ukalipuka. Bi Truphosa alivua miwani akaifuta. Mwalimu Mkuu hakupiga makofi, alikuwa akiandika.

Upande wa Rosebella umeshinda. Nilimkumbatia kama kwamba ni mimi niliyeshinda.

Jumatatu, 10 Juni

Barua hazipo wiki hii. Kalama asema ana kazi nyingi.

Alhamisi, 13 Juni

Wavulana wa shule ya jirani wamesimama langoni kwetu wakati wa kutoka. Rosebella alipopita mmoja akasema, "Cheka kidogo, dada," na wenzake wakavunjika mbavu. Rosebella akaniuliza, "Wana nini hawa?" Sikujua. Wallahi leo hii bado sijui.

Jumatatu, 17 Juni

Nitaandika kwa utaratibu, nisiruke kitu.

Saa tatu na nusu karani alikuja darasani akamwita Rosebella. Baada ya muda akarudi akaniita mimi.

Ofisini alikuwepo Mwalimu Mkuu, naibu wake, na Bi Truphosa amesimama dirishani. Rosebella alikuwa amesimama katikati ya zulia, mikono nyuma. Mezani palikuwa na bahasha, na juu ya bahasha picha.

Niliitazama mara moja tu, nami naiona mpaka sasa. Ni Rosebella kajifunga leso, mabega wazi, nywele kazifumua, anacheka, amefumba jicho moja. Hakuna zaidi. Ndivyo tunavyokaa sote nyumbani joto likizidi. Lakini nyuma ya picha mtu alikuwa ameandika maneno, na maneno hayo siyaandiki humu.

Leso ni yangu.

"Imesukumwa chini ya mlango wangu," alisema Mwalimu Mkuu. "Na naambiwa ziko nyingine stendi ya Makupa, zapita mkono kwa mkono. Nimemuuliza huyu nani alimpiga, hasemi. Amekuwa bubu, yeye aliyekuwa na maneno mengi ukumbini. Nyevu, wewe ndiye mwenzake wa kula na kulala. Nani mpiga picha huyu?"

Nilimwona Kalama akinishika kifundo cha mkono, malori yakipita. Nilimwona mama. Nikafungua mdomo nikidhani nitasema jina.

"Sijui, Mwalimu."

"Una hakika?"

"Sijui."

Rosebella akageuza uso akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Hasira ningeiweza. Alinitazama kama mtu anayesoma jina la mtaa akagundua amepotea njia. Kisha akasema, taratibu kabisa:

"Hajui. Mwacheni aende darasani, ana mtihani wa hesabu."

Nikaenda. Nikafanya mtihani wa hesabu.

Jumanne, 18 Juni

Dawati lina nafasi ya mtu. Rosebella amerudishwa nyumbani angoje bodi. Sikwenda kwao.

Jumatano, 19 Juni

Sikwenda.

Ijumaa, 21 Juni

Baada ya shule nilikwenda Mji wa Kale. Kalama hakuwepo. Mzee Sheikhan alikuwa amekaa ndani, si mlangoni, na duka limefungwa nusu.

"Nduguyo simtaki tena hapa," alisema. "Usinililie, nisikize. Jana amekuja dukani kijana simjui, anitaka nimtolee nakala ya picha. Nikaitizama, nikaijua karatasi yangu. Nikaenda chumba cha giza. Nimepata filamu, na nimehesabu karatasi. Zimekatwa sita. Moja ingekuwa upumbavu wa kijana, ningemtwanga maneno yakaisha. Sita ni nini, mwanangu? Sita ni soko."

"Filamu iko wapi, mzee?"

"Nimeichoma. Lakini karatasi zikishatoka nje, mimi sina moto wa kuzifuata." Akavuta pumzi. "Miaka thelathini na minne napiga picha watu wa mji huu. Wake za watu, mabinti wa watu, wakiwa wamejipamba kwa harusi, wafunua nyuso mbele yangu kwa sababu wajua. Uso wa mtu ni amana. Kalama nilimfunza dawa, nikamfunza mwanga. Hilo sikumfunza. Nilidhani mtu huzaliwa nalo."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyekaa mbele, nikila kaimati. Sikumwambia.

Jumamosi, 22 Juni

Kalama amelala akiukabili ukuta tangu asubuhi. Mama alipokwenda sokoni nikamwuliza.

"Kwa nini sita?"

"Niliwaambia marafiki zangu kwamba yule msichana wa mjadala ananiandikia barua. Wakanicheka. Wakasema, msichana mwenye kichwa kama kile akutazame wewe, mwosha picha? Nikawaonyesha. Wakasema wapewe. Nikawapa. Niliona fahari, Nyevu. Ilikuwa fahari tu. Sikumtakia ubaya."

"Nenda shuleni ukaseme."

"Nikaseme nini?"

"Hayo uliyoniambia."

"Watanipeleka polisi."

"Yeye wamempeleka wapi?"

Akanigeuzia mgongo. Mgongo huo nimeupanda utotoni nikivuka madimbwi ya Makupa. Ningetamani nimchukie nipumzike. Shati lake lilikuwa limelowa kwa mvua, nikalianika.

Jumatatu, 24 Juni

Bodi imekaa asubuhi. Rosebella amefukuzwa. Si kusimamishwa, amefukuzwa. Tumetangaziwa gwarideni, jina hawakulitaja, wakasema "mwanafunzi mmoja." Bi Truphosa hakuwepo gwarideni. Everlyne wa Kidato cha Nne, ambaye husafisha chumba cha walimu, amesema bodi ilisomewa maneno ya mjadala ule kama ushahidi. Wamesema msichana anayeongea hivyo mbele ya watu ni wazi alikuwa ameshaanza.

Wale waliompigia makofi ndio hao hao leo waliosema, "Tulijua."

Jumanne, 25 Juni

Nimesema.

Nilikwenda kwa Bi Truphosa kabla ya kengele nikamwambia yote, leso, barua, kaimati, kila kitu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Juma lililopita ulikuwa wapi?"

"Niliogopa, Mwalimu."

"Najua. Na mimi nilikuwa dirishani." Akaniinua kwa mkono. "Twende."

Mwalimu Mkuu alinisikiliza akiwa anatia sahihi karatasi nyingine.

"Nimefurahi umesema kweli," alisema. "Lakini hilo halibadilishi kitu. Yeye ndiye aliyekubali kupigwa. Picha ni picha."

"Ni leso tu, Mwalimu!" Sikujua ninaweza kupaza sauti ofisini. "Hakufanya lolote. Aliyeigawa ni kaka yangu, na aliyekaa mlangoni ni mimi. Mbona mimi sifukuzwi?"

"Ukitaka kufukuzwa, endelea kupiga kelele."

Bi Truphosa akasema, "Madam, angalau bodi ielezwe." Akajibiwa kwamba bodi haikai mara mbili kwa jambo moja, na kwamba kama mwalimu wa ushauri angeshauri vizuri, tusingefika hapa. Na mijadala imesitishwa.

Jumatano, 26 Juni

Mama amejua. Hakunipiga. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema. "Mimi ni mama yake. Ningemburuta mwenyewe mpaka kwa Mzee Joab. Sasa wewe umemtaja kwa wageni, na mimi nimelisikia kwa jirani bombani."

"Mama, Rosebella amefukuzwa."

"Nimesikia. Ni mtoto wa mwenzangu." Sinia ikatua mapajani. "Nilizaa watoto wawili, mmoja akafanya, mmoja akanyamaza. Sijui nimlilie yupi."

Jumamosi, 29 Juni

Hatimaye nimekwenda kwao. Rosebella alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Jicho lake la kushoto limevimba. Nilisimama mbele ya beseni.

"Nimekuja kukwambia nimesema," nilimwambia. "Nimesema kila kitu, kwa Bi Truphosa, kwa Mwalimu Mkuu."

"Lini?"

"Jumanne."

Akakamua shati la baba yake, akalikung'uta, akalianika.

"Mimi nilifukuzwa Jumatatu," alisema.

Nikalia. Nikamwomba radhi, nikamwambia, "Mwambie baba yako, au niache mimi nimwambie." Akatikisa kichwa.

"Baba haulizi jina la mtu. Ameuliza nilichomkosea, basi. Tena sasa hivi hataki hata kusikia sauti yangu." Akaanza kufua nguo nyingine. "Nilinyamaza ofisini kwa sababu nilijua ni kaka yako, na ulikuwa unatetemeka. Nilidhani utasema mwenyewe ukitoka pale, au jioni, au kesho yake. Nilikaa ndani juma zima nasikiliza mlango."

"Nisamehe."

"Nenda nyumbani, Nyevu. Baba atarudi sasa."

Ijumaa, 5 Julai

Kalama ameondoka. Ameacha ujumbe kwa mama kwamba yuko Malindi, atatafuta kazi hotelini. Kwangu hakuacha neno.

Jumapili, 7 Julai

Rosebella amepandishwa basi la Kisumu jana, Mwembe Tayari. Nimeambiwa na Everlyne kanisani. Anapelekwa kwa mama yake Ugenya. Hakuna shule iliyotajwa.

Jumatatu, 8 Julai

Mvua imekatika.

Jumamosi, 13 Julai

Leo nimekwenda kwa Mzee Joab. Sikumwambia mama, sikumwambia Bi Truphosa. Nilimkuta ameketi kitandani na nguo za kazi, chumba kimefagiliwa na mtu asiyejua kufagia. Kwenye ukuta kuna kipande cha karatasi chenye ratiba ya masomo, mwandiko wa Rosebella.

Nikamwamkia. Nikabaki nimesimama nikamwambia yote kwa mara moja, nisije nikakata tamaa katikati. Kwamba mpiga picha ni kaka yangu. Kwamba mimi ndiye niliyempeleka bintiye dukani, nikabeba barua, nikakaa mlangoni, na nilipoulizwa nikasema sijui.

Nilitegemea kofi. Mzee Joab ni mtu mkubwa, mikono yake kama makasia. Akakaa tu.

"Kaka yako," akasema, "alimfanya nini mtoto wangu?"

"Alimpiga picha, baba. Hakuna jingine. Nilikuwa mlangoni."

"Picha ya namna gani?"

Sikuelewa swali. "Ile picha, baba. Ile waliyokuonyesha shuleni."

"Walinipa bahasha," alisema. "Wakaniambia, fungua uone kazi ya binti yako. Sikuifungua. Baba hawezi kutazama kitu cha namna hiyo. Niliwarudishia bahasha imefungwa, nikatoka nje. Maneno yao yalinitosha." Akatazama viganja vyake. "Nikaja nyumbani nikampiga. Kila siku nilikuwa naiona ile picha kichwani mwangu, nami sijaiona. Niambie wewe uliyeiona."

"Amejifunga leso," nilisema. "Leso yangu mimi, ya maua. Imemfika hapa, chini ya mabega. Nywele amezifumua. Anacheka."

"Anacheka?"

"Ndiyo, baba. Amefumba jicho moja."

"Halafu?"

"Basi."

"Basi tu?"

"Basi tu, baba."

Mzee Joab akainuka, akaenda mlangoni, akarudi. Akakaa. Akainuka tena. Kisha akashika ukuta kwa mikono miwili, pale penye ratiba, akalia kama sijawahi kusikia mwanamume akilia, akisema kwa Kijaluo maneno niliyoyafahamu bila kuyajua.

Sikujua niende au nibaki. Nilichukua ufagio nikafagia chumba.

Jumatatu, 15 Julai

Mzee Joab ameomba ruhusa kazini. Amepanda basi kwenda kumfuata.

Jumamosi, 20 Julai

Bi Truphosa amepata shule moja ya kutwa bara, ng'ambo ya daraja, iliyokubali kumpokea Rosebella muhula ujao bila kuuliza mengi. Mkuu wake alisoma naye chuo. Barua ya habari hiyo ameshampelekea Mzee Joab huko Ugenya. Nimeruka nikiwa peke yangu barazani. Nimemwombea njia njema mtu anayekuja.

Jumapili, 28 Julai

Maulidi. Mji wa Kale wote kanzu nyeupe. Mzee Sheikhan ameniona, akaniita, akanipa sahani ya halua niipeleke kwa mama. Hakumwulizia Kalama.

Ijumaa, 2 Agosti

Shule imefungwa. Nikitoka langoni nilimwona Mzee Joab ng'ambo ya barabara, mkoba wa safari bado u mkononi. Yuko peke yake. Nikavuka mbio.

"Shikamoo, baba. Yuko wapi? Ameshafika nyumbani?"

Amekonda.

"Nilikaa kule wiki mbili na siku kadhaa," alisema. "Siku ya kwanza alinipa maji ya kunawa, akaondoka. Siku ya pili vile vile. Nilimwambia, mwanangu, nimejua, hakukuwa na kitu, ni leso tu. Akasema, 'Ndiyo, baba.' Nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Jambo hilo kwetu baba halifanyi, nikalifanya. Akasema, 'Nimekusamehe, baba.' Nikamwambia kuna shule, mwalimu wako amekutafutia shule. Nikamwambia basi, funga mizigo, turudi Mombasa."

Gari likapita, akangoja lipite.

"Akaniuliza, 'Turudi kwa nani?'"

Alinitazama kama kwamba mimi ninalo jina la kumpa. Wasichana walikuwa wanatoka langoni kwa vishindo, wanaitana, wanaagana. Kisha Mzee Joab akahamishia mkoba mkono wa pili, akashika njia ya bandarini, kwa kuwa zamu yake ilikuwa inaanza saa tisa.